Mama Alinificha Nyuma ya Pazia

Mtaa mzima uliamini niko nje ya nchi, nakula raha.

Kumbe nilikuwa chumbani kwa mama, nyuma ya pazia linalotenga chumba na sebule.

Nilirudi na nguo nilizovaa tu. Kichwa kimenyolewa, maana bosi niliyemfanyia kazi za ndani alisema nywele zangu zitaanguka kwenye chakula cha watoto. Mikono imebabuka kwa dawa ya vyoo.

Mama aliponiona mlangoni hakulia. Alichungulia nje kwanza.

"Kuna aliyekuona?"

"Hapana, mama."

"Ingia. Ukitaka kukohoa, uma shuka. Nywele zikiota ndiyo utatoka, tutasema umekuja likizo."

Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyetangaza kila kona kwamba mwanawe kafanikiwa. Na mimi mwenyewe niliona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Sasa mchana mmoja nikasikia sauti ya Mama Safari sebuleni.

Huyu ndiye aliyenipeleka kule. Jina hilo kalipata kwa kusafirisha mabinti. Wateja wake huwaleta kwetu, ili mama awe shahidi.

Siku hiyo alimleta fundi cherehani, jirani yetu, na binti yake Kidoti. Kidoti tulikaa dawati moja mpaka nilipoacha shule darasa la tano. Muuza mkaa naye alikuwepo. Binti yake alitutangulia sote kwenda huko.

"Gari linamchukua Kidoti kesho," Mama Safari alisema. "Hofu ya nini, shoga? Muulize mwenye nyumba. Wa kwake nimempeleka kwa mkono huu."

"Mwenzangu, niambie ukweli," fundi akamwambia mama. "Mtoto wako ana hali gani?"

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Mzima," mama akasema. "Kanenepa."

"Mbona simu yake haipatikani?" Kidoti akauliza.

"Ukizishika hela, mwanangu, nyumbani unapasahau."

Wakacheka.

Simu yangu ilichukuliwa siku niliyofika, na pasi ya kusafiria pia. Mlango ulikuwa unafungwa kwa nje. Na kesho ilikuwa zamu ya Kidoti.

Mimi ni mtu ambaye nikitumwa chumvi dukani, nasubiri wateja wote waondoke ndipo niseme shida yangu.

Nikavuta pazia.

Kidoti alishika mdomo. Mama alitazama sakafu.

"Usiende," nikamwambia Kidoti. "Wanakufungia ndani. Mimi nimetoroka nilipotumwa kutupa taka, nikakimbilia ubalozini wakanirudisha."

Fundi akamgeukia mama. "Kanenepa, eti?"

Mama Safari hata hakutetereka. "Mzazi anaficha aibu yake, mnamlaumu nini? Kazi imemshinda huyu. Darasa la tano, mashine ya kufulia kaiogopa kama simba. Kila nyumba ina utaratibu wake, jamani."

Mtu akacheka kidogo.

Fundi alinitazama kichwa, akashuka mpaka mikononi. "Hukuweza kuvumilia hata kidogo?"

Swali hilo liliniunguza kuliko dawa ya vyoo. Nikainama, nikaanza kurudi kulekule nyuma ya pazia.

"Mwacheni asimame hapo," muuza mkaa akasema.

"Haya, waambie wewe," Mama Safari akadakia. "Binti yako si yuko vizuri?"

"Binti yangu yuko stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Tangu mvua zianze. Nampelekea chakula nikishafunga biashara."

Mama akainua uso kwa mara ya kwanza. "Na wewe?"

"Na mimi."

Fundi alilichukua begi la Kidoti, lililokuwa tayari kwa safari, akalikumbatia. Mama Safari alikuwa keshaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

Kidoti hakwenda. Lakini msidhani nilibebwa juu juu kama shujaa. Mtaani naitwa Kimeo, yaani bidhaa mbovu iliyorudishwa, na mpaka leo napita vichochoroni nikikwepa macho ya watu. Naambiwa aibu hii si yangu. Bado inanikaa mwilini.

Nilichojifunza ni hiki. Mama Safari hakuwa na ujanja wowote wa ajabu. Sisi ndio tuliomfanyia kazi, kila nyumba na mtoto wake chumbani, kila mzazi akisema wangu mzima.

Akirudi mtu kwenu mikono mitupu, usimuulize kaleta nini, wala kwa nini hakuvumilia. Muulize alikuwa analala wapi, na ufunguo alikuwa nao nani.

Na umuulize watu wakiwa wanasikia.