Mbuzi wa Uchaguzi

Kila asubuhi nilipomvalisha soksi, mzee niliyekuwa nikimtunza kule Edmonton, London, alinisimulia habari za babu yake wa zamani, mwanasheria na mwenye shamba kubwa la tumbaku Amerika, enzi Waingereza bado wanaitawala. Babu huyo aligombea ubunge mara ya kwanza kwa maneno matupu, akaangushwa. Mara ya pili akawawekea wapiga kura mapipa ya pombe na nyama tele. Akapita, na kiti hakukiachia hadi kifo.

Na mimi nilikuwa nimeangushwa. Chama chetu sisi Wakenya cha kuzikana kilikuwa kinachagua mwenyekiti, na uchaguzi uliopita niliwasomea kurasa nne za sera nikapata kura tatu, moja yangu. Nilikitaka kile kiti, jamani! Miaka kumi na minne London naitwa carer. Nilitamani kuitwa Mwenyekiti, hata na mtu mmoja, hata kwenye simu.

Basi nikafuata nyayo za babu. Siku ya kura nilifika ukumbini mapema na nyama ya mbuzi mzima, mchele na sufuria za kuazima. Nikapika pilau, nikasukuma chapati mpaka mabega yakaniuma. Mpinzani wangu, fundi wa umeme, alikuja mikono mitupu, suti imenyooka, akasimama mlangoni kupokea watu.

"Karibuni, karibuni! Leo mtakula mshibe!"

Watu wakala. Wakafungasha na kwenye mikebe ya aiskrimu waliyotoka nayo nyumbani, kisha wakapiga kura. Nilipotoka jikoni, unga hadi kwenye nyusi, mama mmoja alikuwa anampa fundi mkono.

"Chairman, hiyo mbuzi umetupea leo, haki, God bless you."

"Amen," akajibu yule mshenzi.

Mimi nilichaguliwa mkuu wa jikoni, bila kupingwa.

Kesho yake nilimweleza mzee, soksi mkononi. Alicheka hadi machozi.

"Ulikosea jambo moja," akasema. "Babu hakuingia jikoni. Alisimama mlangoni akisalimia watu."

"Na jikoni aliingia nani?"

Kicheko kikamkauka. "Watumwa wake."

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani zaidi: babu, fundi, au mimi mwenyewe. Mzee akanyoosha mkono, akachukua soksi ya pili, akahangaika nayo peke yake. Nikamwacha.