Rangi Chini ya Skrubu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi redio pale Nyaishozi, na kazi yangu niliijua. Ndiyo maana kosa hili siwezi kulisingizia ujinga.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu wa Muleba, alitaka nimfungie amplifaya na spika mbili kwenye pikapu yake, aikodishe kwenye harusi. Pikapu ilikuwa imetoka kupigwa rangi ya bluu, naye alisimama nyuma yangu muda wote.

"Fundi, usinikwaruzie rangi."

Waya wa hasi sharti ugusane na chuma kitupu cha bodi. Nililijua hilo, lakini nikakaza skrubu juu ya rangi. Meno yake yalishika chuma kidogo, muziki ukalia, nikaondoka.

Wiki ya tatu walimpeleka bibi harusi kutoka Rugu hadi Nyakasimbi, na kila gari lilipopita kwenye shimo muziki ulikatika. Kesho yake tajiri akaniita barazani pa duka lake. Watu walikuwa wengi. Nikamtazama dereva wake, ambaye kila mtu alijua anapenda rubisi, ile pombe ya ndizi.

"Huyu akishalewa anafungulia sauti mpaka mwisho," nikasema. "Ameiunguza."

"Hata kifuniko hujafungua, fundi," dereva akajibu.

"Harufu yako inatosha."

Watu wakacheka. Tajiri akanyoosha mkono, dereva akamkabidhi funguo.

Nikaichukua amplifaya hadi kibandani na kuiunga kwenye betri yangu. Ililia asubuhi nzima bila kusita. Basi haikuungua. Fyuzi nzima, spika nzima. Nikairudisha kwenye pikapu, nikatikisa bodi, ikazima. Nikachukua taa ya kupimia: ncha moja kwenye waya wa chanya, nyingine kwenye skrubu yangu. Ikawaka hafifu, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikaihamishia ile ncha ya pili kwenye hasi ya betri yenyewe, ikawaka vizuri. Hapakuwa na la kubishania. Nikakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikakaza upya.

Kwa tajiri nilisema neno moja tu: "Imepona." Siku nne nikaendelea na redio zangu kibandani.

Siku ya tano nilipanda baiskeli hadi Rugu. Nilimkuta dereva na mkewe wakipanda maharage kwenye kibanja, katikati ya migomba. Nikamweleza yote: rangi, skrubu, uoga wangu.

Mkewe hakuacha kulima. Dereva akapangusa mikono.

"Kwa hiyo sikuunguza kitu."

"Hukuunguza. Kosa langu."

"Na mbona unaniambia mimi? Mimi nilikuwa najua." Akainama kwenye maharage yake. "Ulinitukana barazani. Kasemee palepale, siku ya gulio."

Nikaenda siku ya gulio. Nilisema kwa sauti ya kusikika, nikamwonyesha tajiri alama ya kisu kwenye rangi yake. Aliniita majina ambayo siyaandiki hapa, lakini dereva alirudishiwa funguo siku hiyohiyo.

Miezi kadhaa baadaye spika moja ilichanika. Dereva aliipeleka kwa fundi wa Kayanga. Alipita mbele ya kibanda changu bila kupunguza mwendo, na sikumlaumu.