Kivuli cha Kijani Kwenye Ukuta wa Sinema

Saa mbili asubuhi, juu ya ngazi, mchoraji mwenye rangi mpaka kwenye nyusi anapaka kivuli chini ya kidevu cha mwanamke wa mita tatu. Kivuli chenyewe ni cha kijani. Wapita njia wanasimama kutazama.

"Mama Kijani, huyo mbona kama anaumwa?" mmoja anamtania.

"Yanayoumwa ni macho yako!" anajibu bila kugeuka.

Utani leo ni wa kujikaza tu. Mwenye jumba hili la sinema, linalofunguliwa tena baada ya miaka minane, anakuja saa nne kuukagua ukuta. Akiupenda, Mama Kijani atapewa kuta tatu zilizobaki. Akiukataa, utapakwa chokaa leo hii hii, na yeye atarudi kwenye kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, kuandika majina ya saluni na bucha.

Shule yake ya uchoraji ni televisheni. Huketi mbele yake sauti ameizima, rimoti mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Mwanga ukimwangukia mtu vizuri usoni, anasimamisha filamu na kuanza kuchora.

"Miaka kumi na mitano ya ndoa, sijui mwisho wa filamu hata moja," analalamika mumewe, fundi cherehani. "Jambazi anaingia dirishani, mwenzangu anabonyeza. Jambazi anabaki pale pale dirishani mpaka chakula kinapoa!"

"Si nilikuwa naangalia pazia, jamani," mkewe anajitetea.

Kivuli chake alikipata humo humo. Katika filamu anayoipenda kuliko zote, kila uso ulikuwa na kijani upande wa gizani, naye akaamini huo ndio ufundi wa walioipiga. Akauiga miaka sita. Mwezi uliopita, akiwa amefika nusu ya ukuta, aliikuta filamu ile ile kwenye televisheni mpya ya jirani. Vivuli vilikuwa vya kahawia. Kijani kilikuwa ubovu wa televisheni yake.

"Nililia, nisikufiche. Miaka sita naiga ubovu wa TV!" anasema, na sasa anacheka mpaka ngazi inatikisika.

Siku ile hakucheka. Alikoroga ndoo nzima ya kahawia ili afute kila kitu. Kabla ya kuugusa ukuta, alikwenda kuomba ushauri kwa mzee mmoja mchora sura za watu, ambaye kazi zake amekuwa akizikodolea macho tangu usichana wake. Akamweleza kisa chote, aibu imemjaa.

Mzee aliligeuza turubai lililoegemezwa ukutani. Ilikuwa picha ya marehemu mkewe, na chini ya kidevu kulikuwa na kijani.

"Nimepita kwenye ukuta wako mara tatu, mwanangu," alimwambia. "Ulidhani naenda sokoni? Nilikuwa naiba. Uso wa mke wangu ulinishinda miaka miwili. Haya, nenda kafute, tuone!"

Mama Kijani alirudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia. Ndoo ya kahawia iliishia kwenye mlango wa choo.

Saa nne na robo, mwenye jumba anafika. Anarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, anainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Mume, aliyeacha cherehani yake ili aje kushuhudia, bado ana pini mdomoni.

"Hicho kijani umekitoa filamu gani?" anauliza bosi.

"Hakuna filamu yenye hicho, bosi. Ni changu."

"Basi anza ukuta wa pili."

Mama Kijani anaruka vidato viwili vya mwisho vya ngazi. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kuandika tu, anajikuta anapiga makofi pamoja na wapita njia.

"Siku ya ufunguzi tunakaa mstari wa mbele, baba watoto," anamwambia mumewe. "Filamu nzima, mpaka mwisho."

Mume anatoa pini mdomoni. "Na rimoti?"

"Mle ndani hakuna rimoti." Anajipapasa mfuko wa aproni. "Lakini penseli nabeba."