Nilivyotafsiri mkutano wa barabara ya kulipia Arua–Koboko, na kilichompata shangazi yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka West Nile.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za kusifia barabara za kulipia, nyingine zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuona hata moja ikijengwa. Nikasema acha na mimi nilete ya kwetu.

Yote yamenipata mwenyewe. Sehemu ya aibu nimeiacha ilivyo. Majina tu nimebadilisha, maana Koboko ni ndogo na shangazi yangu ana mdomo.

Mimi ni mtoto wa Koboko, naishi Arua. Baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo nimekua na Kiswahili cha kambini, Kikakwa cha bibi, Kilugbara cha sokoni, na Kiingereza cha fimbo ya mwalimu.

Kazi yangu ni kuandikia watu barua na kuwachapia karatasi zao kwenye kibanda karibu na soko. Sio kazi ya kumfanya mtu aimbwe harusini, lakini nakula.

Ndipo ukaja mradi.

Barabara mpya ya njia nne, ya kulipia, Arua mpaka Koboko. Msidhani walitaka kupanua ile tuliyonayo, hilo lingekuwa jambo rahisi mno kwa wataalamu. Hii inapita nyuma, katikati ya mashamba, na itazungushiwa uzio pande zote mbili ili magari yasisumbuliwe na watu wanaoishi pale.

Siku moja akaja kibandani mama mmoja kutoka Kampala, afisa wa jamii wa mradi. Sisi tulimwita Madam tu. Yeye na injinia wa mradi Kiswahili hawakijui. Alitaka kuchapa matangazo. Akanisikia nikihudumia wateja watatu kwa lugha tatu, akaniuliza kama naweza kuwa mkalimani wa mikutano ya maoni ya wananchi.

Wakuu, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nikapewa jaketi la kung'aa na helmeti. Helmeti ya kutafsiria! Labda waliogopa neno zito lisije likaniangukia. Siku ya kwanza niliivaa mpaka nyumbani. Mke wangu akauliza kama nyumba yetu ndiyo inajengwa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Arua, wa wafanyabiashara na watu wa mjini.

Tukaonyeshwa video ya kompyuta. Magari yanateleza taratibu, miti imesimama kama askari paredi, lami inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Hakuna mbuzi. Hakuna mama mwenye mzigo wa kuni. Katika video nzima hakuna mtu hata mmoja anayetembea kwa mguu. Nikawaza, labda watatuhamisha sote kwanza ndiyo waanze.

Tuwe wakweli lakini, wapo waliofurahi, na walikuwa na sababu. Mama mmoja anayepeleka nyanya mpaka Koboko alisema kwa njia ya sasa mzigo unafika ukiwa supu. Alisema yeye atalipa hata kesho. Sikumcheka. Nyanya zake nimeziona.

Halafu akasimama mtu wa boda.

"Boda naingia?"

Injinia akajibu, nami nikatafsiri: pikipiki haziruhusiwi.

"Baskeli?"

Pia haziruhusiwi.

"Mutu ya mguu?"

Haruhusiwi kabisa, ni hatari.

"Basi sisi nafanya nini na hii barabara yenu? Tunakuja kuangalia?"

Injinia akasema kwa Kiingereza kirefu sana kwamba wananchi watafaidika kwa maendeleo. Nikatafsiri "maendeleo". Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote niliyowahi kufanya. Neno hilo halina maana kwa lugha yoyote, kwa hiyo haliharibiki njiani.

Mzee mmoja wa nyuma akamalizia: "Kulipa? Hata hii ya bure tunalipa kila siku na mgongo."

Watu wakacheka, soda zikagawiwa, mkutano ukafungwa. Nikaona kazi yenyewe ndiyo hii.

Wiki iliyofuata tukaenda Lobule, upande wa Koboko.

Lobule ni kwetu. Dada ya baba, Shangazi Zubeda, anaishi pale peke yake tangu mumewe afariki. Nyumba yake iko upande mmoja wa mahali barabara ilipochorwa, shamba lake la muhogo na kijito cha maji viko upande wa pili. Na sio yeye tu. Kijiji kizima kiko hivyo.

Ndani ya gari Madam alikuwa ameniambia maneno mawili matatu. Kwamba mradi unapenda lugha ya kujenga. Kwamba mimi nafanya kazi vizuri, na wanafikiria kuniweka kwa mikutano yote mpaka mwisho wa ujenzi. Hakuniambia nidanganye, wakuu. Nasema hilo mapema ili msije mkamtafuta mchawi. Mchawi ndiye anayeandika.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Shangazi alikaa mbele kabisa na leso yake mpya, anawaonyesha wenzake, "Yule mwenye kofia, ile ni mtoto ya kaka yangu."

Video ikaonyeshwa.

Akasimama Sajini Ratibu. Huyu ni mwanajeshi mstaafu, aliwahi kuwa kambi moja na baba yangu. Akizungumza anasimama wima, mikono mapajani, na Kiswahili chake ni kile kile cha amri.

"Mwambie huyu injinia. Sisi hapana na gari. Sisi iko na mguu na baskeli. Nyumba iko huku, shamba iko kule, maji iko kule. Barabara yake itakata sisi kama panga nakata muhogo. Tunataka njia ya kupita chini. Sio kuomba. Tunataka. Kama hapana njia, sisi na wanawake yetu na watoto yetu tutalala mbele ya tingatinga."

Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka.

Madam akanigeukia, kalamu tayari.

Na mimi, mtoto wa Lobule, mwenye lugha nne na helmeti, nikasema kwa Kiingereza: "Mzee anasema jamii inaupokea mradi kwa mikono miwili, na wangefurahi kama waenda kwa miguu watafikiriwa pale itakapowezekana."

Madam akatabasamu akaandika. Injinia akainamisha kichwa kwa heshima kumwelekea Sajini. Sajini akaona heshima ile, akadhani kombora limefika, akaketi ameridhika.

Mnaweza kuniuliza kwa nini. Wakati ule nilijiambia namlinda mzee, kwamba maneno ya kulala mbele ya tingatinga yangemletea polisi. Ukweli ni kwamba niliipenda ile kazi. Nilipenda kushuka kwenye gari la mradi watu wakiniangalia.

Mkutano ulipoisha, Shangazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Leo tumesemewa," akasema.

Jioni ile ile nilichapa kumbukumbu za mkutano mimi mwenyewe, kibandani kwangu: jamii ya Lobule imeunga mkono mradi, hakuna pingamizi.

Ujenzi ukaanza. Tingatinga zilikuja, wakaanza kumwaga udongo mwekundu na kuushindilia, tuta likapanda mpaka likazidi mapaa ya nyumba. Sehemu rasmi ya kuvukia iliwekwa mbali, upande wa Lurujo. Kwa mama mwenye kapu kichwani ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Lakini katika ramani, wakuu, ni kidole kimoja tu. Nimeipima mwenyewe.

Kwa hiyo watu wakafanya wanachofanya watu. Wakapanda tuta upande huu, wakashuka upande ule.

Mvua zikaja.

Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa kibandani. Shangazi ameteleza juu ya tuta na kapu la muhogo, ameviringika mpaka chini. Mguu umevunjika. Wamembeba kwa baskeli, mmoja anasukuma, wawili wanamshika.

Nilimkuta hospitali Koboko, mguu ndani ya plasta, udongo mwekundu bado kwenye nywele. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yangu.

"Watu ya barabara iko na masikio ya jiwe," akasema. "Ratibu alisema wazi. Wewe ulipeleka maneno yote, mbele ya macho yetu. Bado walikataa kusikia. Mutu namna gani hii?"

Wakuu, kuna matusi niliyowahi kutukanwa hapo sokoni ambayo siwezi kuyaandika humu. Hakuna lililoniumiza kama hilo la kutetewa.

Nilirudi Arua, nikaenda kwa Madam. Nilitaka tulimalize kimyakimya. Nikamwomba arekebishe kumbukumbu za Lobule, aongeze njia ya chini.

Akanitazama. "Isa, michoro ilipitishwa kwa kufuata hizi kumbukumbu. Kama hawakusema, mimi siwezi kuandika kwamba walisema."

"Walisema."

"Nani alisikia?"

Akaweka kalamu chini. Akaniambia njia ni moja tu: mkutano uitishwe tena, na mimi nisimame mbele ya wote niseme nilitafsiri vibaya. Akaongeza kwamba baada ya hapo hataweza kuendelea na mimi. Hakusema kwa ubaya. Ningekuwa yeye ningenifukuza pale pale.

Kabla ya mkutano nilikwenda kwanza kwa Shangazi. Alikuwa ametoka hospitali, amekaa mlangoni kwake, mguu juu ya kigoda. Nikamweleza yote. Sikutoa ile sababu ya polisi, niliona haya.

Akaushusha mguu kutoka kigodani.

"Ondoka kwanza," akasema. "Mimi nataka kulala."

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Siku ya mkutano nilisimama pale pale shuleni, nikasema kwa Kiswahili nilichofanya, halafu nikarudia kwa Kiingereza.

Sajini Ratibu akainuka taratibu.

"Kwa jeshi," akasema, "mutu ya redio akibadilisha maneno ya kamanda, tunafanya yeye nini?"

Maoni ya wananchi yakaanza kumiminika, wakuu. Siku hiyo hakuna aliyehitaji kubembelezwa kutoa maoni. Mwingine alipendekeza nilazwe mimi mbele ya tingatinga, tupunguze usumbufu kwa watoto.

Sajini akainua mkono, wakanyamaza.

"Hapana. Leo atatafsiri tena. Maneno yangu ile ile. Na mwalimu wa hii shule, ile siku hakuwa hapa, leo atasimama hapa, yeye najua Kingereza. Isa akibadilisha moja, mwalimu anainua mkono."

Basi nikatafsiri kama mtuhumiwa. Na amini msiamini, mwalimu aliinua mkono mara mbili! Mara ya kwanza Sajini alisema "tunataka", mimi nikasema "tunaomba". Mara ya pili alisema "itakata sisi", nikasema "itatuathiri". Nilikuwa nimeshakiri, nimeshaaibika, kazi imeshakwenda, na bado ulimi ulikuwa unapamba wenyewe. Nadhani huo ndio ugonjwa wa ofisi. Unabaki hata baada ya kufukuzwa.

Sentensi ya tingatinga niliifikisha nzima. Injinia alimtazama Sajini, na safari hii hakuinamisha kichwa. Aliomba aonyeshwe njia wanayopita.

Wanawake wakamchukua. Wakampandisha tuta, wakamshusha upande wa pili, mpaka kijitoni, na wakamrudisha na dumu la maji mkononi ili aelewe vizuri. Alirudi viatu vimekuwa vyekundu.

Mimi nikapewa barua ya kunishukuru kwa huduma yangu.

Njia ya chini ilichelewa. Karatasi zilizunguka, mvua nyingine zikapita, watu wakaendelea kuteleza. Lakini ilijengwa. Ni kalavati kubwa la zege linalopita chini ya tuta. Haliko pale walipotaka, limesogezwa karibu na kijito, na mvua ikinyesha unavuka maji ya kifundo cha mguu. Mwenye mzigo wa kuni lazima ainame. Kwa mradi wa kisasa kiasi hicho, naona wametuwekea na mazoezi ya viungo.

Juu bado wanajenga. Vibanda vya kulipia vimeinuka, vinasubiri wenye magari. Arua watu bado wanabishana kama itapunguza bei ya vitu au itaongeza. Yule mama wa nyanya bado anaisubiri kwa hamu, na namtakia heri kwa moyo wote.

Shangazi anapita chini kila siku kwenda shambani, na fimbo. Mguu haukurudi sawasawa. Anachechemea.

Ananiongelesha, ananipikia nikienda. Lakini sasa nikimletea habari yoyote, hata salamu ya mke wangu, anaacha alichokuwa anafanya, ananitazama, anauliza:

"Yeye alisema hivyo, ama ni wewe?"

Nimejifunza nini? Kwamba maneno ya mtu ni mali yake hata akiwa hana kitu kingine. Ukiyabeba, yafikishe yakiwa na miiba yake. Wakubwa hawavunjiki kwa kuambiwa "tunataka". Anayevunjika ni yule aliyeteleza kwa sababu hukusema.

Uwanja ni wenu. Walio na barabara kama hizi kwao waje watuambie nani alisikilizwa na nani alitafsiriwa. Wa kunitukana pia waje, ila wajue Lobule wamewatangulia, na matusi yao yalihakikiwa na mwalimu.