Kahawa ya Mpeleka Watu Jangwani

Enyi waungwana mliohudhuria, nipeni masikio niwaeleze yaliyotukia karibu na Marikiti, katika duka la bwana mmoja apelekaye watu kupiga kambi jangwani Taru, kama kilivyotangaza kibao kilichoning'inia juu ya mlango wake.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale, aliyerudi asubuhi ile kutoka safari ya bwana huyo, alisimama mbele ya meza. Bwana akamwagizia kahawa kwa muuza kahawa aliyekuwa pale mlangoni. Nasi twajua kwamba anywaye kahawa ya mtu amekwisha kumsamehe. Bibi akakisukuma kikombe kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, umetulaza nyuma ya stesheni, kando ya bomba la maji. Jangwa lilikuwa wapi?"

"Mbele kidogo tu, mama."

"Basi na kahawa yako nitainywa mbele kidogo."

"Inapoa, mama."

"Iache ipoe. Shusha kwanza kile kibao cha jangwa, wasidanganywe wengine."

Kahawa ikapoa kabisa, na bibi hakuketi. Mwishowe bwana akapanda kiti, akakishusha kibao.

"Sasa nitilie nyengine," akasema bibi, "ya moto."

Wasemao kuwa alikosa adabu na waende wakalale kando ya bomba. Aliyenihadithia kwanza ni muuza kahawa mwenyewe, Bwana Athumani wa Majengo, aliyevijaza vikombe vyote viwili.