Ukuta Nimeuchora Mimi, Ila Wananitaka Nikiwa Nimekaa

Admin, jina langu lifiche tafadhali, maana huku Kilosa tunajuana mpaka kuku wa jirani. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nina mke na mtoto mmoja. Zamani nilikuwa fundi wa kupaua nyumba. Nikaanguka kutoka juu ya paa kule Chanzuru, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo kuanzia kiunoni kushuka chini sisikii kitu. Ukinichoma sindano mguuni nitakuuliza tu unafanya nini. Nikajifunza kuchora vibao vya saluni na mabucha nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na bila kujisifu, ng'ombe wangu wa buchani watu huwashangaa mpaka wanasahau kununua nyama.

Mwaka huu meneja wa hoteli moja mpya Mikumi akaniita nichore ukuta mzima wa ukumbi wa chakula. Tembo, twiga, nyati, na milima kwa nyuma. Nililia kwa furaha, sifichi. Nikahamia huko mpaka kazi iishe. Mlangoni kuna ngazi, nikawa nabebwa kama gunia la mahindi. Mlango wa choo mwembamba, kiti hakipiti, kwa hiyo nikaacha kunywa maji. Nikipandishwa kitini asubuhi nashuka jioni, kwa sababu mchana hakukuwa na wa kunilaza. Nilikuwa nawatania wapishi kwamba tembo wangu kaenea ukumbini ila mimi mwenye tembo sienei chooni. Tulicheka sana.

Niliporudi nyumbani mke wangu akasema, "Baba Zawadi, humu ndani kuna panya kafa." Akasogeza kabati, akatoa magunia yote nje. Hakuna panya. Alipokuja kunigeuza ili anioshe, akakaa chini. Kwenye kalio langu kulikuwa na shimo, ngumi ya mtoto inaingia. Ndugu zangu, mwili wako uoze na wewe uko hapo unapiga mluzi unachora twiga! Niliogopa kuliko siku niliyoanguka.

Tukaenda hospitali. Kitanda cha kupimia kiko juu, wa kunipandisha hawapo, basi wakaniinamisha hapo hapo kwenye kiti wakafunga walichoweza kukiona. Daktari akamuuliza mke wangu, "Huyu anakula vizuri?" Nikamwambia, "Daktari, mdomo wangu haujapooza." Hapo ndipo akanigeukia, na namshukuru kwa kuwa hakunificha. "Kaka, usikae kabisa. Lala kifudifudi mpaka nyama ijae. Ukiendelea kukaa, kidonda kitafika kwenye mfupa, na kikifika huko, hapa kwetu sina la kukufanyia."

Anachosema nakijua. Nilikuwa na rafiki kule Kidete, mpiga gitaa, naye mtu wa kiti kama mimi. Alipata kidonda cha namna hii akakificha kwa sababu msimu wa harusi ulikuwa umechanganya. Homa ikaja, akasema malaria. Msibani watu wakanong'ona kwamba karogwa, lakini mama yake aliyemwosha alijua kilichomuua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi nikalala kifudifudi. Nachora hivyo hivyo, kifua juu ya mto, mbao iko sakafuni, na mkono haujapungua kitu. Ndipo meneja akapiga simu. Hoteli inafunguliwa Jumamosi hii, watakuwepo wakubwa wa wilaya na watu wanaotafuta msanii wa kuchora kuta za shule na zahanati. Anataka nikae mbele ya ukuta kuanzia asubuhi mpaka wageni waondoke.

Nikamweleza kidonda. Nikamwambia, "Bosi, nitakuja. Niwekee godoro tu pale chini, nitaongea na wageni nikiwa nimelala."

Akanijibu, "Msanii wangu, sikiliza. Watu wanakuja kuona msanii, siyo mgonjwa. Ukiwa kwenye kiti unapendeza, wanaguswa. Ukilala chini utawatisha. Kama huwezi, si neno, shemeji yangu atasimama pale aeleze."

Huyo shemeji ndiye aliyekuwa ananikorogea rangi. Hajui hata kuchora yai. Juzi mpishi mmoja kanitumia picha: jamaa yuko mbele ya ukuta, kashika brashi yangu. Na chini ya mguu wa tembo, pale nilipoandika jina langu, pamepakwa rangi.

Hasira niliyonayo siwezi kuieleza. Nikiikosa siku hiyo, kuta zote hizo atapewa yule, na mimi nitabaki na ng'ombe wa buchani mpaka nife. Mke wangu anasema, "Jina litakusaidia nini kaburini? Ukikaa kwenye hicho kiti, mimi simo." Kiti akakipeleka kwa jirani. Nimeshaongea na dereva wa hoteli, atakipitia kabla ya kunichukua. Na tangu jana nasikia baridi wakati jua linawaka, ila sijamwambia mtu.

Naombeni ushauri, hasa nyie mnaotumia viti na nyie mnaoishi kwa sanaa. Niende nikakae siku moja tu nilipiganie jina langu, au nilale nimwachie yule bwana ukuta wangu? Nifanye nini? Jibuni kabla ya Jumamosi.

Na msiniambie nimsikilize mke wangu. Hivi ninavyoandika yuko uani ananipigia pasi shati jeupe, anaimba, kwa sababu nimemwambia kwamba meneja amekubali godoro.