Mama ya Huyu Mtoto ni Nani?

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juani bado hunifuata. Huko Karungu, ufukweni mwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ilituingia kwenye nguo, kwenye uji, hata kwenye nywele za kitindamimba wetu, aliyezaliwa katika chumba cha kupanga miezi sita baada ya sisi kukimbia Burundi. Baba tulimpoteza njiani. Mama alimnyonyesha mtoto majuma machache, kisha homa ikamchukua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, shule nimeiacha, wadogo watatu wakinitazama mimi.

Njaa niliizoea. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mtoto hakuwa ameandikishwa, na watu walisema wasio na karatasi hupakiwa kwenye malori hadi kambini, mbali kaskazini, ndugu wakitenganishwa. Mama Atieno, mwenye nyumba wetu, alikuwa akimnyonyesha mtoto wetu pamoja na wake. Aliona njia rahisi.

"Wewe nyamaza tu," aliniambia tukielekea kwa naibu wa chifu kumwandikisha. "Nitasema nilizaa mapacha."

Naibu alicheka hadi kalamu ikamwanguka. Kwa Wajaluo mapacha hawazaliwi kimyakimya. Kijiji kizima hucheza na kutukanana kwa furaha.

"Mapacha, Karungu hii, na hakuna mtu amenitukana?"

"Ilikuwa mvua, jaduong'," Mama Atieno akajibu, akimwita mzee kwa heshima, uso mkavu.

Kicheko kikaisha. Naibu akanigeukia. "Msichana, mama ya huyu mtoto ni nani?"

Mama Atieno alinikanyaga mguu. Nililiona lori waziwazi akilini, na mikono ikimpokonya mtoto mgongoni mwangu. Lakini kaburi la mama halikuwa na jina, na sasa mtoto naye alikuwa karibu kuandikwa wa mtu mwingine.

"Spesiosa," nikasema. "Ni marehemu. Alitoka Burundi."

Naibu aliinama, akaandika. "Mimi naandika kuzaliwa. Mambo ya kambi hujaniuliza, na mimi sijakuambia."

Leo mtoto wa Mama Atieno aliyenyonya pamoja na kitindamimba wetu ana kitambulisho cha Kenya. Ndugu yangu ana cheti cha kuzaliwa na karatasi ya ukimbizi. Akienda mjini Migori askari humsimamisha, nami hukaa karibu na simu, siwezi hata kula, hadi arudi. Wakimuuliza mama yake ni nani, anasema Spesiosa. Sijawahi kumsikia akitaja jina lingine.